Meza ya Vyombo na Picha ya Papa Anaclet

Nimestaafu mwezi uliopita, na tayari mmeshanipigia simu mara tisa. Mara ya kwanza mliuliza damu inatengenezwaje. Mara nane zilizofuata mliuliza ufunguo wa kabati uko wapi. Uko kwenye mlango wa kabati. Ulikuwa hapo miaka yote kumi na sita niliyofanya kazi ile, na hauna miguu. Kwa hiyo nimeona niandike yote mara moja, mbandike ukutani, halafu mniache nilale mchana kama wastaafu wengine.

Nilikuwa mtu wa vyombo. Wafaransa wana neno lao, sisi tulisema vyombo tu. Ni kila kitu ambacho mwigizaji anashika, anakula, anavunja au anamtupia mwenzake: barua, kikombe, upanga, mkate, kuku aliyekufa. Nguo zina mtu wake na taa zina mtu wake. Mtu wa vyombo akifanya kazi vizuri hakuna anayemkumbuka, na akikosea kikombe kimoja anajulikana mpaka Liège.

Niliingia bila kutaka, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nimetoka Lubumbashi miaka michache nyuma, nikisafisha ofisi kule Evere, Brussels, asubuhi, na Jumamosi moja jirani yangu aliniomba nimsindikize Ixelles kwenye mazoezi ya mchezo. Ukumbi ulikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya jiko la parokia, na ulinuka kitunguu kila siku ya Mungu. Nikakaa nyuma na mfuko wangu wa sokoni. Jukwaani walikuwa wanafanya mchezo wa kale wa Kifaransa, wenye baba mkali na binti asiyetaka kuolewa, wote wakisema kwa mashairi, na ghafla mwongozaji akaanza kupiga kelele kwamba hakuna chungu cha supu.

Mzee mmoja aliyevaa koti la kazi la kijivu akashuka ngazi za jukwaa, akaja moja kwa moja kwangu na kutazama ndani ya mfuko wangu bila haya. Nilikuwa nimetoka kununua sufuria. Akauliza kama ni yangu, nikasema ni yangu, nikamtajia jina langu. Akatoa daftari mfukoni akaandika: sufuria moja, ya aluminiamu, haina mfuniko, ya Maman Georgette, itarudi kesho. Akanipa kalamu nitie sahihi. Sufuria ilirudi baada ya wiki kumi na moja, na wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa nimeshakuwa wa kampani.

Mzee huyo alikuwa Papa Anaclet. Likasi alifundisha hesabu, Brussels alikuwa mlinzi wa jengo la maghorofa, na kwetu alikuwa régisseur, yaani mtu anayeamua taa izimike lini, mwigizaji aingie lini, na kiti kisimame wapi. Alifanya jukwaa kama anavyofanya hesabu ubaoni. Kila mguu wa kiti ulikuwa na alama yake sakafuni, ya utepe wa rangi, na rangi zilikuwa na maana. Nyeupe ilikuwa ya ukingo: ukiona utepe mweupe, hatua moja zaidi unaanguka.

Yeye ndiye aliyenifundisha meza. Unatandika karatasi ya kaki juu ya meza ndefu nyuma ya pazia. Unaweka kila chombo juu yake, unakizungushia kalamu, unaandika jina lake ndani ya mstari. Mchezo ukianza, jicho moja linatosha: ukiona umbo tupu la kisu, kisu hakipo, na unajua ni nani wa kumkaba. Alinikataza kuanza kabla ya kukagua meza mara mbili, mara ya kwanza kwa macho na mara ya pili kwa mkono. Nilifikiri ni ukorofi wa mwalimu. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa mkorofi kuliko yeye.

Halafu kulikuwa na daftari. Kampani yetu haikuwa na kitu. Tulikuwa Wakongomani wa Katanga na wa Kivu, wauguzi wa wazee, wanafunzi, makarani, tukicheza Jumamosi saa kumi alasiri, kwa sababu jioni ukumbi ulikuwa wa darasa la dansi ya tango la wazee wa mtaa. Kila kitu kilichohitajika kiliazimwa majumbani mwa watu wetu, na Papa Anaclet alikuwa na sheria yake. Unaenda mwenyewe. Huombi kwa simu. Unakaa, unakunywa unachopewa, unaulizia watoto, unaulizia wa nyumbani, ndipo unaomba kwa mdomo wako, unaandika, na mwenye kitu anatia sahihi. Kwa kijiko kimoja. Nimepoteza Jumapili nzima za maisha yangu kwa sababu ya kijiko kimoja, nikila bukari, ugali wetu, kwenye nyumba tatu kwa siku moja maana kukataa ni matusi.

Na wenye vitu walikuja kutazama vitu vyao. Hilo hakuna shule ya maigizo itakayowafundisha. Watu wetu hawakuja kuona kama malkia atamuua shemeji yake. Walikuja kuona kama sahani zao zimeoshwa. Mwaka mmoja, katika mchezo wa kale wenye wafalme na sumu, malkia aliinua chupa ya kioo kumimina, ukumbi wote kimya, na sauti ikatoka mstari wa tano: “Muangalie muzuri asivunje, ile carafe ni ya kwangu.” Malkia akaishusha taratibu kwa mikono miwili. Shemeji hakunywa sumu ya kutosha siku ile, nadhani angepona.

Waigizaji nao, nitasema nini. Yupo aliyekula mkate wa tendo la tatu wakati wa tendo la kwanza, kila wiki, na kila wiki akashangaa mkate umeenda wapi. Tangu hapo niliweka mikate miwili, mmoja wa mchezo na mmoja wa mwizi. Barua iandikeni kweli, yaani ndani yake mwandike maneno yote ambayo mwigizaji anapaswa kuyasoma, kwa herufi kubwa, kwa sababu atakuapia kwamba ameyahifadhi na hajahifadhi. Pombe ni chai baridi, daima. Tulijaribu bia mara moja, kwa sababu mwongozaji alitaka ukweli, na askari wawili wa mfalme walicheka kwenye mazishi yake. Damu, mmeuliza: maji ya kiazi chekundu, asali, na kahawa kidogo sana. Haitoki kwenye nguo, kwa hiyo msimwage damu juu ya kitambaa cha kuazima.

Mwongozaji alikuwa Monsieur Thierry, Mbelgiji wa Ixelles, mtu mwenye moyo mzuri na asiyejua kunyamaza. Kila msimu alichagua michezo minne, miwili ya kale na miwili ya kisasa, akituelezea kwa nini inaongea yenyewe kwa yenyewe. Mimi sikuwahi kuisikia ikiongea. Nilisikia orodha ya vyombo tu. Alitaka ukweli katika kila jambo. Msimu mmoja alitaka mvua ya kweli, ghorofa ya kwanza, juu ya masufuria ya parokia. Papa Anaclet alimsikiliza mpaka mwisho, akasema bon, akaenda akatengeneza mvua kwa mchele na sinia la bati. Monsieur Thierry akafumba macho akasema anaona mpaka unyevu.

Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo ambalo sipendi kuliandika.

Papa Anaclet alipovuka miaka sabini, macho yakaanza kumwacha. Daktari aliita presha ya macho. Yeye hakuita kitu chochote. Nilianza kuona kwamba ukaguzi wa meza kwa macho ameuacha, anafanya wa mkono tu, mara mbili. Kisha nikaona utepe wa viti umekaa vidole viwili nje ya mahali pake. Sikusema. Alipokuwa akishuka kunywa kahawa nilipanda jukwaani nikasahihisha nyuma yake, haraka haraka, kama mwanafunzi anayeibia mtihani. Nilifanya hivyo msimu mzima na nilidhani namtendea wema.

Jumamosi moja nilichelewa kwa sababu basi la Chaussée d'Ixelles lilikwama. Nilipofika mchezo ulikuwa umeanza. Kulikuwa na jukwaa dogo la juu, na utepe mweupe wa ukingo ulikuwa umebandikwa kiganja kizima nje ya mahali pake, ukingoni kabisa, karibu hewani. Espérance, msichana wa Bukavu aliyekuwa mwigizaji wetu bora, alirudi nyuma kwa kuuamini ule utepe, akaanguka, akavunjika kifundo cha mkono. Papa Anaclet alisema utepe uko mahali pake. Alisema mara tatu.

Jumatatu nilimwambia Monsieur Thierry faraghani kwamba mzee haoni tena. Nilimwomba amtafutie namna ya kubaki, ampe kiti, ampe kazi ya kusikiliza, lolote. Nilimwomba atumie akili. Alhamisi, mbele ya kampani nzima, Monsieur Thierry alisimama akasema kwa upole mkubwa kwamba wakati umefika, na kwamba Georgette amekuwa na ujasiri wa kusema tulichokuwa tunakijua sote. Akataja jina langu. Akanionyesha kwa mkono, pengine wangenikosa.

Papa Anaclet akavua koti la kijivu, akalikunja mara nne, akaliweka juu ya meza ya vyombo. Alipopita mbele yangu alisimama.

“Ungeniambia miye,” akasema.

Ni hayo tu. Na alikuwa na haki. Ningemwambia yeye, mwaka mzima uliopita, na Espérance angekuwa na mkono wake mzima. Badala yake nilisahihisha kwa siri kisha nikamshitaki kwa siri, na siri zote mbili nilimfanyia mtu aliyenifundisha kuandika hata kijiko.

Alihamia Auderghem kwa binti yake, Solange. Nilipiga simu kila baada ya wiki mbili. Solange alipokea, akaniambia kwa aibu kwamba Papa anasema eti haiko hapa, na nyuma yake nilikuwa namsikia mwenyewe akisema niambiwe haiko. Nilienda mara mbili. Mara zote mbili Solange alinikaribisha jikoni, na mlango wa chumba cha mzee ukabaki umefungwa. Miaka minne hiyo. Mimi ndiye niliyechukua daftari na utepe na koti, kazi mbili kwa mtu mmoja, na kila nilichokifanya nilikifanya kwa namna yake, huku mwenyewe hataki kusikia jina langu. Niliwaambia wote kwamba nimezoea. Sikuzoea. Kitu kimoja tu nilikitaka kabla ya kustaafu, kwamba mzee yule afungue mdomo wake aongee na mimi tena, hata kunitukana.

Ndipo ukaja msimu wa Espérance. Alikuwa ameanza kuandika, na mchezo wake ndio uliokuwa wa nne katika msimu, wa kisasa, nusu Kifaransa nusu Kiswahili chetu. Ulikuwa unahusu matanga katika nyumba ya Brussels: mjane anakaa mbele ya picha ya mume wake, na ndugu wa mume wanaingia mmoja mmoja kuchukua vitu, redio, kiti, mpaka anabaki na picha peke yake. Ulikuwa mchezo mzuri. Nililia kwenye mazoezi, na mimi nililia mara mbili tu katika kazi ile, ya kwanza ikiwa ni siku nilipodondoshewa kisanduku cha panga mguuni.

Tatizo lilikuwa picha. Mwajua kwetu inavyokuwa. Picha ya mtu kwenye fremu, ukutani juu ya meza yenye kitambaa cheupe, mshumaa na maua: huhitaji kuuliza kitu, unajua amekufa, unavua kofia. Monsieur Thierry hakutaka picha ya mwigizaji. Alitaka uso ambao watu watauamini. Nikachukua daftari nikaanza kuzunguka. Familia ya kwanza iliniuliza kama nina akili timamu, nitake picha ya marehemu wao niipeleke kuchezewa. Ya pili haikuniuliza, ilinifungia mlango. Nikajaribu wazee walio hai. Mmoja alinyanyuka na bakora. Kwa wiki mbili sikupata uso, na Monsieur Thierry kila siku alikuwa akiniuliza kama nimepata, kama vile nyuso zinauzwa kwa kilo.

Kwenye sanduku la karatasi za misimu ya zamani nikaiona picha ya Papa Anaclet. Tai, koti jeusi, tabasamu dogo la mtu anayejua jibu. Nikaipeleka dukani ikakuzwa.

Msiniulize kama nilijua. Nilijua. Nilijiambia kwamba miaka minne ni mingi na watu wamemsahau, na huo ulikuwa uongo. Ukweli ni kwamba nilitaka awepo. Nilitaka nikiinua macho kutoka kwenye meza nimwone pale. Na sikwenda Auderghem kumwomba kwa sababu niliogopa ule mlango. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili nilipandisha jukwaani kitu cha mtu bila kumwomba mwenyewe.

Jumamosi ya kwanza, saa kumi na dakika kumi, pazia likafunguka. Mshumaa, maua, picha. Espérance akapiga magoti akaanza kulia, kama ilivyoandikwa. Mstari wa tatu akasimama Maman Josée, aliyetuazima viti vya mchezo huo na aliyekuwa amekuja kuvitazama.

“Papa Anaclet alikufa,” akasema, “na hamukutuambia?”

Akaanza kulia, na yeye hakuwa anaigiza. Mnajua kilio cha kwetu, mmoja akianza haachwi peke yake. Kikapita mstari wa nne, wa tano, mpaka nyuma kabisa. Wengine walimjua, wengine walilia kwa heshima. Baadaye niliambiwa kwamba wengi walifikiri kampani imechagua kutoa habari ya msiba kwa njia hiyo, kwa kuwa watu wa maigizo ndivyo walivyo. Nilitaka kutoka nyuma ya pazia niseme. Monsieur Thierry alinishika mkono, machozi yakimtoka, akaninong'oneza kwamba ni jambo la ajabu, kwamba umma haujawahi kuingia hivi ndani ya mchezo. Nilimwambia kwamba yule mtu yu hai. Akasema ndiyo, ndiyo, yu hai ndani yetu sote.

Espérance aliendelea mpaka mwisho, kwa kuwa ni mtu wa kazi. Mchezo ulipokwisha nilipanda jukwaani na koti la kijivu nikatangaza kwamba Papa Anaclet hajafa, yuko Auderghem, na picha ni kosa langu. Hakuna aliyeniamini. Walinitazama kwa huruma. Maman Josée alipanda akanikumbatia kwa nguvu zake zote.

“Lia tu, Maman Georgette,” akaniambia. “Usikamate ku roho.”

Simu zilikuwa zimeshatoka mifukoni. Jumapili msiba ulitangazwa kanisani baada ya komunyo. Saa sita mchana mtu alinipigia kuniuliza kitambaa cha sare kitakuwa rangi gani. Nikavaa viatu nikakimbilia Auderghem.

Ngazi za nyumba ya Solange zilikuwa zimejaa. Wanaume walikuwa wanapandisha viti vya kukunja, wamama walikuwa na masufuria na kreti za soda, na kilio kilikuwa kimeanza tangu mlango wa chini. Papa Anaclet mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, na suruali ya kulalia na sweta, uso ameuinua kama anayesikiliza mvua. Kila aliyepanda alinyamaza ghafla. Yeye alikuwa haoni nyuso vizuri, aliona vivuli tu, na vivuli vilikuwa vingi.

“Bon,” akasema. “Ni nani alikufa?”

Mwanamke mmoja alitupa sufuria akashuka ngazi mbio. Wengine walimgusa mikono, mashavu, masikio. Kisha mtu akacheka, na kwa kuwa chakula kilikuwa kimeshapikwa na viti vimeshafika, matanga yakaendelea bila maiti mpaka jua likaelekea kuzama. Walimsimulia sifa zake zote walizokuwa wamemtayarishia. Alizisikiliza moja moja na kusahihisha tarehe.

Mimi nilingoja wapungue. Nikaenda nikapiga magoti mbele ya kiti chake, mwanamke wa miaka sitini na magoti yake, nikamwambia yote: sanduku, picha, duka, woga wangu, na pia utepe, na mwaka ule wa kusahihisha nyuma yake. Nilisema kila kitu ambacho ningemwambia miaka minne nyuma. Alikuwa ameuelekeza uso dirishani. Nilipomaliza akamwita Solange, akamwambia aniambie kwamba ninaweza kwenda. Nilikuwa mbele yake, umbali wa sahani na kijiko, na alinijibu kupitia mtu wa tatu. Nilishuka zile ngazi nikiwa na hasira na Monsieur Thierry, na Maman Josée, na padri, na duka la picha, na mwisho wa ngazi nikabaki na hasira na mtu mmoja tu, na huyo nilikuwa ninatembea naye.

Lakini msiba ukishapanda basi huwezi kuushusha. Antwerp waliendelea kulia, na Likasi ndugu wa Papa Anaclet walikuwa wameshachinja. Akiwapigia simu mwenyewe, walisema ni sauti iliyorekodiwa. Katikati ya wiki Solange alikuja ukumbini. Nilikuwa nimeshaitoa picha, nimeweka fremu tupu, na Espérance alikuwa amekubali.

“Papa anasema photo irudie fasi yake,” Solange akasema. “Atakuja samedi. Batu bamuone ye na photo pamoja, kama hapana habataamini.”

Nilimwuliza kama amesema kitu kwangu. Solange akatazama sakafu.

Jumamosi ile nilifika saa tano asubuhi. Niliipachika picha kwa pimamaji na uzi. Niliipima juu, chini, na kando zote mbili. Katika maisha yangu ya kazi sijawahi kunyoosha kitu kama nilivyoinyoosha picha ile, kwa sababu ndicho kitu pekee nilichoweza kumfanyia. Ukumbi haujawahi kujaa namna ile, mpaka watu walikaa kwenye ngazi, na Monsieur Thierry alikuwa anazunguka na furaha yake, akisema kwamba hatimaye umma umeielewa michezo ya kisasa.

Papa Anaclet aliingia pazia likiwa limeshafunguliwa, taa zikiwaka, suti nyeusi, mkono begani mwa Solange. Watu walisimama. Walimpigia makofi, walimshika, walimpiga picha mbele ya picha yake. Yeye aliendelea kutembea mpaka alipogusa ukingo wa jukwaa kwa tumbo. Akasimama hapo, uso kaelekeza juu, kule ambako taa ilikuwa imeangukia fremu. Nilikuwa pembeni, hatua nne kutoka kwake.

“Maman Georgette,” akasema.

Miaka minne.

“Photo iko inapinda.”

Haikuwa imepinda. Nilikuwa na pimamaji mfukoni. Espérance, aliyekuwa ameshapiga magoti mahali pake, aliinua macho kuitazama picha, kisha akanitazama mimi, akabana midomo. Kila mwenye macho katika ukumbi ule aliona kwamba imenyooka. Na Monsieur Thierry, kutoka mstari wa kwanza, alikuwa ameshainua kidole na kufungua kinywa kumweleza mzee kwa upole wake wote.

“Ndiyo, Papa,” nikasema kabla yake, kwa sauti ya kufika mlangoni. “Inapinda.”

Nikapanda. Nikaishika fremu kwenye kona, mbele ya watu wote wale.

“Sukuma upande wa kushoto,” akasema.

Nikasukuma.

“Tena kidogo.”

Nikasukuma tena. Uso wake kwenye picha ukaanza kuinama.

“Tena.”

Sasa picha ilikuwa imelala upande kiasi kwamba tai ilielekea kwenye mshumaa. Papa Anaclet aliutazama ule mwanga kwa muda mrefu, akatikisa kichwa polepole kama anayefunga hesabu.

“Voilà,” akasema. “Sasa iko sawa.”

Akageuka, akamwachia Solange bega lake, akanyoosha mkono upande wangu ili nimpeleke kwenye kiti. Tulicheza saa nzima na nusu na marehemu akiwa ameinama upande. Baadaye Monsieur Thierry alinifuata nyuma ya pazia kuniuliza ile picha iliyopinda inamaanisha nini. Nilimwambia régisseur ndiye aliyeiweka hivyo, na kwamba itabaki hivyo kila Jumamosi mpaka msimu uishe. Ilibaki.